Nani Hulinda Takataka

Msikizi alikuwa ameshuka chini kuliko kisima chochote kilichowahi kuchimbwa mkoani Singida, na bado alikuwa anashuka. Alikuwa mwembamba kama paja la mtu mzima, mrefu kama basi, na hakutoboa kama keekee za zamani zilizonguruma hadi mbuzi wakavunja zizi. Yeye aliuyeyusha mwamba kwa joto kidogo kidogo, akaupitisha ubavuni mwake, kisha akauacha ugande tena nyuma yake. Alipopita hapakubaki shimo, lilibaki kovu tu, na ndani ya kovu waya mwembamba wa kumletea habari aliye juu. Kila baada ya mita chache alisimama, akaugonga mwamba mara moja, akanyamaza, akasikiliza mlio unavyokwenda na kurudi. Ndiyo maana wakampa jina hilo.

Juu, chini ya turubai la hema lake, Dk. Sekela Mwambapa alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja akitazama taswira-hewa iliyoelea mbele yake. Ilikuwa picha ya mwamba wote ulio chini ya kijiji cha Unyang'ongo, na kila mlio uliorudi uliongeza kipande kipya. Ufa ungetokea kwa rangi nyekundu. Maji yangetokea kwa buluu. Sekela aliona kijivu, kijivu kitupu, mpaka chini kabisa.

"Hali ikoje?" aliuliza.

"Shwari," Msikizi alijibu kwa sauti yake ya upole iliyotoka kwenye kisanduku mezani. "Sijakuta ufa wala unyevu. Mwamba huu umetulia tangu kabla dunia haijapata samaki."

Sekela alicheka peke yake. Kwa mtu mwingine kijivu kile kingekuwa cha kusinzilia, lakini kwake kilikuwa kitu alichokitafuta tangu kichwa chake hakijaota mvi. Nchi ilikuwa imekula umeme wa kinu cha atomu cha Ras Mkoko kwa vizazi viwili. Umeme huo uliendesha treni, viwanda na majiko, na kila ufito wa urani uliochoka ulitolewa kinuni ukatumbukizwa kwenye bwawa la kupozea, pembeni mwa bahari. Ilikuwa zikae pale kwa muda tu. Muda ukawa mrefu, bahari ikapanda, na chumvi ikaanza kuula ukuta wa bwawa bila haraka. Fito zile zingebaki sumu kwa miaka elfu mia moja. Zilitaka mahali pa kulazwa chini sana, kwenye mwamba mkavu, pasipo mtu wa kuzisumbua.

Na nyumba ya tatu kutoka kwenye ukuta ule alikaa mdogo wake Sekela, Tusajigwe, na mabinti zake wawili. Tusa alikuwa fundi wa bwawa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji hayapungui juu ya fito. Ukuta ulipotoa ufa wa kwanza, Sekela alimpigia akamwambia, "Nitaziondoa hapo, Tusa. Nakuahidi." Lilikuwa neno zito na alilitoa akijua uzito wake.

Tume ya Hifadhi ya Kina, iliyomwajiri Sekela, ilikuwa na majaribio matatu. La kwanza lilihusu mwamba, la pili lilihusu maji. La tatu lilihusu watu: je, kuna atakayekuja siku moja kupachimbua? Maeneo yote mengine yaliyopendekezwa yalikuwa yameanguka, moja kwa ufa, jingine kwa chemchemi, jingine kwa madini. Unyang'ongo lilikuwa limebaki peke yake. Kama nalo lingeanguka, hapakuwa na pengine pa kwenda, na fito zingebaki kwa Tusa.

Jaribio la tatu Msikizi alilifanya kwa hesabu. Alitafuta dhahabu, shaba, chumvi, maji, mafuta na mvuke. Pasipo na kitu, alisema, hapana sababu ya kuchimba. Unyang'ongo hapakuwa na kitu. "Uwezekano wa kuchimbuliwa ni karibu na sifuri," alitangaza siku ya kwanza, na hakubadili kauli.

Kuzunguka eneo lote Tume ilikuwa imesimika vigingi sita vya zege, kila kimoja kirefu kuliko mtu, chenye kipima-mtikisiko tumboni na alama iliyochongwa usoni. Alama hiyo ilikuwa imebuniwa na mabingwa wa dunia nzima: sura ya mtu aliyeachama kwa hofu, na chini yake sururu iliyovunjika. Walitaka hata mtu wa baada ya miaka elfu kumi, asiyejua Kiswahili wala lugha yoyote ya leo, akiitazama tu aelewe kwamba asichimbe hapa. Walinzi wawili walipita kila siku kwa pikipiki za umeme kuvikagua. Walipita asubuhi, na saa zao kila mtu kijijini alizijua.

Adhuhuri ile kigingi cha kaskazini kilinyamaza. Sekela alidhani ni betri. Mwenyekiti wa kijiji, Mama Saumu Jingu, ambaye alikuwa amemletea ugali wa uwele na mlenda kama alivyofanya kila siku bila kuombwa, alisimama nyuma yake akitazama taa iliyozimika.

"Siyo betri, mwanangu," alisema. "Kula kwanza, halafu nikupeleke."

Mama Saumu alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kutembea polepole na kufika kabla ya wengine. Ni yeye aliyeitisha mkutano mkuu, akawaeleza watu wake habari ya fito kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu, akawaambia wazi kwamba ni sumu, na kwamba Tume itawajengea zahanati na barabara wakikubali. Watu walikubali. Sekela alikuwepo na alishangaa walivyokubali kirahisi. Siku ile alidhani ni kwa sababu ya zahanati.

Walikwenda kwa miguu, punda wa chuma akiwafuata na mzigo wa vifaa, miguu yake minne ikitafuta nafasi katikati ya mawe makubwa. Walipofika, kigingi kilikuwa kimelala chali. Mahali kiliposimama palikuwa na shimo lililochimbwa kwa ustadi, kuta zimenyooka, na ngazi ya magogo ikishuka mpaka gizani. Kando ya mdomo wake kulikuwa na kipande cha kaniki, mishumaa iliyoungua na kifuko cha ubani.

Sekela alishikwa na butwaa. Kisha akashikwa na hasira.

"Hii ni nini, Mama? Nani amefanya hivi?"

"Watu wanatafuta mali ya Mjerumani," Mama Saumu alisema kama anayesema watu wamekwenda sokoni.

Sekela alikuwa mtu wa Rungwe, na hata kwao mambo hayo yalikuwepo. Wajerumani walipofukuzwa nchini katika vita vile vya zamani, watu walisema, walizika dhahabu na fedha na mitambo ambayo hawakuweza kubeba, wakaweka alama kwenye mawe ili wajukuu zao warudi kuvichukua. Karibu miaka mia mbili ilikuwa imepita. Hakuna aliyepata kitu zaidi ya kitasa kilichooza. Na bado, tangu Tanga mpaka Tukuyu, mtu akiona jiwe lenye mchoro asioujua alikwenda kutafuta sururu.

"Lakini hiki kigingi tumekiweka sisi. Mwaka huu huu. Mlituona tukikiweka."

"Tuliwaona," Mama Saumu alikubali. "Ndiyo maana wameanzia hapa."

Aliyechimba hakuwa wa kutafutwa. Kijiji kizima kilimjua na mwenyewe hakujificha. Aliitwa Mkhoi, mkulima wa alizeti, mtu mrefu mwenye meno meupe na utani mwingi, na jioni ile alimkaribisha Sekela uani kwake, akampa kigoda, na mkewe Hadija akaleta togwa kwenye vikombe vya bati.

"Nimekuvunjia kigingi, Daktari," alisema kabla hajaulizwa. "Samahani sana. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani."

"Ungekufa mle ndani, kaka. Udongo wa pale ni kichanga, hauna nguvu."

"Nimechimba tangu nikiwa kijana, na baba yangu alichimba. Naujua udongo."

Sekela aliweka kikombe chini. Alikuwa ameamua kutokasirika, na alizungumza naye kama anavyozungumza na mtu mwenye akili, kwa sababu alikuwa nayo. Akamweleza kuhusu urani na kinu, na jinsi fito zinavyochoka. Akamweleza kwamba chini ya vigingi hakuna kitu chochote kwa sasa, ni mwamba mtupu, na kwamba kitakachokuja kuzikwa baadaye, mbali sana chini ya kina chochote anachoweza kuchimba, ni uchafu unaoua. Mkhoi alisikiliza kwa makini. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza fito zina uzito gani, na kama zinang'aa.

"Umenielewa?" Sekela alimuuliza mwishoni.

"Nimekuelewa vizuri. Umesema ni takataka."

"Ndiyo."

"Sasa nisaidie kitu kimoja, dada yangu. Hapa kwetu takataka tunazitupa nyuma ya nyumba. Nani hulinda takataka? Nyinyi mmetoka mbali na mashine ambayo bei yake siwezi hata kuiota. Mnatafuta mahali pa siri pasipo watu. Mnataka kuzika kitu chini sana, mnaweka alama juu, mnaweka walinzi wenye pikipiki, halafu mnatuambia msichimbe, ni hatari." Alitabasamu, bila ubaya wowote. "Mjerumani naye alisema hivyo hivyo. Alisema ameacha nyoka wa kulinda."

"Na ile sura kwenye kigingi? Huoni yule mtu anavyoogopa?"

"Ile? Yule kaachama. Mdomo ukiwa wazi, maana yake mlango uko chini yake. Mzee anayetusomea alama alituambia siku ile ile mlipoisimika."

Hadija, aliyekuwa akipepeta uwele pembeni, alisema bila kuinua macho, "Mimi nimemwambia aache. Amenizoea, hanisikii."

"Nakusikia sana, mama watoto," Mkhoi alisema, na wote watatu wakacheka, hata Sekela ambaye hakutaka. Aliondoka pale akiwa na ahadi ya Mkhoi kwamba hatagusa kigingi kile tena. Alimwamini. Mkhoi naye, kwa upande wake, alikuwa ameahidi kwa moyo safi kabisa, kwani alizungumzia kigingi cha kaskazini tu.

Usiku Sekela alimsimulia mkurugenzi wake kwa simu. Bwana Byabato, aliyekuwa Dodoma, hakuona tatizo.

"Ongeza walinzi," alisema. "Weka uzio na bango kubwa."

"Mkurugenzi, nikiongeza walinzi watazidi kuamini."

"Dk. Mwambapa, mwamba ni mzuri?"

"Sijawahi kuona mzuri kama huu."

"Basi malizia ripoti uweke saini yako. Huko Ras Mkoko wanatusubiri, na wewe unajua kuliko mimi ni akina nani wanaosubiri."

Alijua. Siku mbili zilizofuata aliandika ripoti bila kuinua kichwa. Kila aliposita, alimwona Tusa amesimama juu ya maji yale ya buluu na kipimo chake mkononi, na vidole vikaendelea kuandika.

Siku ya tatu, jua lilipoanza kupoa, Hadija alifika hemani. Mama Saumu alikuwa naye. Mkhoi alikuwa ametoka baada ya chai na hakurudi kula, na yeye hakuwa mtu wa kukosa chakula.

Hawakuulizana amekwenda wapi, wakavizunguka vigingi kimoja kimoja. Kigingi cha mashariki kilikuwa kinaonyesha taa ya kijani, kimesimama imara, kwa sababu safari hii Mkhoi hakukiangusha. Alikuwa ameanzia nyuma ya kichuguu na kuchimba kwa ubavu, akilifuata tumbo la zege kutoka chini. Walichokikuta ni koti lake limetundikwa kwenye kichaka, baiskeli, na bonde dogo la udongo mbichi ulioporomoka.

Kijiji kizima kilichimba. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume walipokezana majembe, wanawake wakahamisha udongo kwa ndoo na mabeseni, punda wa chuma akavuta mawe kwa kamba. Sekela alichimba mpaka viganja vikachubuka. Walimfikia giza lilipoanza kuingia. Alikuwa amekaa kwenye pango dogo lililobaki chini ya zege, mgongo umeegemea kigingi, hana jeraha hata moja. Hewa ilikuwa imemwishia. Mkononi alikuwa bado ameshika nondo, na zege mbele yake lilikuwa na alama nyeupe nyingi mahali alipokuwa akiligonga.

Sekela aliziona alama zile, akasimama, akarudi hemani akikimbia.

"Msikizi," alisema alipopata pumzi. "Leo, kuelekea mashariki. Ulisikia kitu?"

"Ndiyo," Msikizi alisema. "Chuma juu ya zege. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu. Yalianza adhuhuri na kuendelea kwa muda mrefu. Yalipungua nguvu, kisha yakakoma."

"Mbona hukuniambia?"

"Yalitoka karibu na uso wa ardhi. Niliyaweka pamoja na kelele za juu, kama ulivyoagiza."

Ni kweli aliagiza. Juma la kwanza, Msikizi alipokuwa mgeni, aliripoti kila kitu: kinu na mchi, ng'ombe wakienda mtoni, watoto wakiruka kamba shuleni. Sekela alichoka, akamwambia kwa utani, achana na watu, mimi nataka mwamba. Na mashine ikatii. Sikio lililoweza kusikia jiwe likipumua kilomita mbili chini lilimsikia Mkhoi akiomba msaada kwa mchana mzima, na likamweka kando kama kelele.

Alikaa chini kwenye mchanga wa hema. Alilia, na hakujaribu kujizuia.

Mama Saumu alimkuta hapo. Sekela alimweleza yote, na Mama Saumu alisikiliza hadi mwisho huku akijifunga khanga yake upya kiunoni.

"Utamwambia Hadija," alisema. "Ni haki yake. Lakini siyo leo, wala siyo kesho. Kesho tunazika."

Walimzika asubuhi. Sekela alikaa na wanawake kwenye mkeka, kichwa amekifunika, na hakuna aliyemtazama vibaya, jambo ambalo lilimuumiza kuliko kama wangemtukana. Watu walipoanza kupungua, Hadija alimgeukia. Macho yake yalikuwa makavu na yamechoka.

"Siku ile uani, ulimwambia hamna kitu?"

"Nilimwambia."

"Na mimi nilimwambia," Hadija alisema. Kisha akalitengeneza pindo la mkeka lililokuwa limekunjika.

Sekela alirudi kwenye turubai na kuifungua ripoti. Ilikuwa imekamilika, ilitaka saini tu. Mwamba ulikuwa bado wa kijivu, mzuri, hauna hatia.

"Msikizi, nataka turudie jaribio la tatu," alisema. "Nakuongezea habari. Katika nchi hii watu huchimba mahali penye alama, wakiamini kuna hazina."

"Hazina ipo?"

"Haipo."

"Wameshawahi kuipata?"

"Hawajawahi."

"Basi kwa nini wanachimba?"

Sekela alifikiri angejibuje. Alifikiri kuhusu baba yake Mkhoi, aliyechimba maisha yake yote akafa maskini na bado akamrithisha mwanawe sururu. "Kwa sababu mtu hawezi kuamini kwamba kitu kinachofichwa kwa taabu hivyo hakina thamani," alisema. "Hebu liingize hilo kwenye hesabu."

"Nimeliingiza. Mkiweka alama, watachimba. Mkiweka walinzi, watachimba zaidi. Msipoweka chochote, leo hawatachimba, lakini kumbukumbu ya leo itabaki kama hadithi, na watachimba baadaye, wakiwa na keekee bora kuliko mimi. Jaribio la tatu limeanguka." Kisha akauliza, "Je, niondoe habari uliyoniongezea?"

Hakuna mtu ambaye angejua. Habari ile haikuwemo katika kanuni za Tume. Ingetosha kusema ndiyo, na mwaka huo huo malori yangeanza kutoka Ras Mkoko.

"Iache," Sekela alisema.

Bwana Byabato alipoipokea ripoti alipiga simu papo hapo. Hakufoka. Alikuwa mtu mzima, amechoka, na alimuuliza kwa upole kama msiba haujamvuruga akili.

"Mkurugenzi, nilimwambia mimi mwenyewe," Sekela alijibu. "Nilimwambia kwa Kiswahili, uso kwa uso, tukinywa togwa. Alinielewa, akaniuliza maswali. Halafu akaenda akachimba. Niambie, mtu wa miaka elfu kumi ijayo nitamwambiaje?"

Byabato alisema zahanati ya Unyang'ongo haitajengwa sasa, ajue hilo, na bwawa itabidi lijengewe ukuta mwingine, na baada yake mwingine, na watu wa kulitunza kizazi baada ya kizazi. Sekela alisema anajua. Matanga yalikuwa yamekwisha, akaenda kwanza kwa Hadija akamweleza habari ya mapigo yale, yote; kisha habari ya zahanati akampelekea Mama Saumu yeye mwenyewe, kwa miguu. Mama Saumu alitikisa kichwa, akasema, "Haya," akamwekea chakula kama kawaida.

Iliyobaki ilikuwa simu moja. Aliiahirisha mpaka jioni, kisha akaona anajidanganya, akaipiga.

Tusa alipokea akiwa bado kazini. Nyuma yake pampu zilikuwa zinanguruma. Sekela alimweleza yote bila kupunguza, tangu koti kwenye kichaka mpaka nondo, tangu kelele za juu mpaka swali la Msikizi.

"Kwa hiyo haziondoki," Tusa alisema.

"Haziondoki."

"Uliniahidi, Sekela."

"Nilikuahidi."

"Una wanangu huku na una wachimba mali ya Mjerumani huko. Watu ambao hujawajua hata msimu mmoja. Ukakaa ukawachagua wao." Sauti yake haikupanda, na ingekuwa afadhali ingepanda. "Wale umewaonea huruma kwa sababu hawajui kilichomo. Na sisi tunaojua je?"

Sekela alitaka kumweleza kwamba ndiyo hasa sababu: kwamba kitu kile kina usalama tu pale penye watu wanaokijua, wanaokitazama kila siku na kumfundisha anayefuata, na kwamba hakuna mwamba duniani unaoweza kufanya kazi ya Tusa. Ilikuwa kweli, na alikuwa ameshaiandika vizuri sana kwenye ripoti. Akaona haina maana kumwambia mtu aliyesimama ukingoni mwa bwawa.

"Tusa," alisema. "Pale kwako kuna nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya mtu kulala. Nimeomba kazi ya bwawani. Sitaki kuwaacha hapo halafu nikae Dodoma."

Pampu moja ilizimwa, nyingine ikawashwa. Sekela alimsikia mdogo wake akimwambia mtu mwingine asome kipimo cha maji, na mtu huyo akitaja namba, na Tusa akisema sawa.

"Wasichana watabanana," Tusa alisema hatimaye. "Usije na maelezo, dada. Njoo na godoro."